Yule Niliyecheza Naye Poka Nje ya Wodi

Sikuota, sikulewa, na siku hiyo sikuwa na homa. Naanza na hayo matatu kwa sababu ndiyo watu huniuliza kwanza, kabla hata sijafika katikati. Wengine hunisikiliza huku wakitazamana. Sawa. Mimi nitasema lililonipata kama lilivyonipata, mchana kweupe, katika hospitali moja ya huku upande wa Msambweni ambayo jina lake silitaji, kwa kuwa haina kosa lolote. Ukitaka kuamini, amini. Ukikataa, basi angalau lishike lile nitakalokuomba mwishoni.

Nyumbani kwetu ni Mwabungo. Kazi yangu ni ya dobi katika hoteli moja ya Diani, na kama hujawahi kufanya kazi ya dobi hotelini, hujui kungoja. Unatia mashuka kwenye mashine, unangoja. Unayahamisha kwenye ya kukaushia, unangoja tena. Chumba ni cha joto, hakina dirisha, na mashine zinanguruma hata ukisema husikiki. Humo ndimo mwenzangu mmoja wa kutoka bara alimonitilia mchezo wa poka kwenye simu yangu. "Utaacha kuhesabu dakika," aliniambia. Wallahi alisema kweli.

Labda hujui poka. Ni karata. Unapewa mbili zako za siri, kisha tano zinawekwa mezani, wazi, tatu kwanza kisha moja moja, na wewe unaangalia kama zako na zile za mezani zinafanya kitu: jozi, au tatu za namna moja, au karata tano zinazofuatana. Ukiona huna kitu, unazitupa. Ukiona unacho, unabaki. Basi. Hapakuwa na pesa ndani yake, yalikuwa ni mavidonge ya rangi tu ya kuwekeana, ambayo simu inakupa bure, nawe ukiyamaliza inakupa mengine. Nilimweleza hivyo mama yangu mara nyingi, maana yeye hakuupenda mchezo huo hata kidogo.

"Hiyo ni kamari," alikuwa akisema.

"Si kamari, mama. Hakuna pesa hapa."

"Basi wachezea nini?"

Najua tu kwamba nilikuwa nikichemsha wali huku nacheza, wali ukaungua. Nilikuwa nikicheza nimejifunika kanga usoni ili nisiseme na mtu. Mama alikuwa akinisimulia habari za majirani, nami naitikia "ehe, ehe", hata siku moja akanyamaza katikati ya maneno, akanitazama muda mrefu, na mimi sikujua kwamba amenyamaza. Hilo niliambiwa baadaye na kaka yangu Hamisi, aliyekuwapo.

Kisha mama akaanguka. Alikuwa anatoka msalani asubuhi, akaanguka mlangoni, na tulipomwinua upande wake wa kulia ulikuwa umekufa na mdomo umekwenda kando. Tukampeleka hospitali. Siku tatu alilala pale bila kusema neno, macho nusu wazi, hajui nani yuko nani hayuko. Hamisi ana kibanda cha kutengeneza simu Ukunda, kwa hiyo tulikubaliana yeye atakuja jioni akifunga kazi, na mimi niliyeomba ruhusa hotelini nitakuwa naye mchana.

Siku ya tatu, yapata saa nane mchana, walitutoa wodini sote tuliokuwa tunauguza, ili wagonjwa waogeshwe na daktari apite. Muuguzi alikuwa dada mmoja kijana wa kutoka bara, mpole, tukimwita Sista Mwende. Alinishika bega. "Kaa hapo kwa benchi, madam," akaniambia. "Mama yako akiamka nitatoka nikuite. Usiende mbali."

Sikwenda mbali. Naapa sikwenda mbali. Benchi liko barazani, hatua kumi na mbili kutoka mlango wa wodi. Nimezihesabu baadaye, mara nyingi. Mkabala na baraza kuna ukuta, na nyuma ya ukuta kuna msikiti. Wenzangu niliotolewa nao walikwenda kutafuta chai nje ya lango. Mimi nikabaki peke yangu na simu yangu, nikafungua poka.

Nilikuwa nimecheza kidogo tu alipokuja kuketi mtu upande wangu wa kushoto. Alikuwa mwanamume, si mzee, si kijana, shati jeupe limefungwa vifungo mpaka shingoni, na mkononi ameshika ile bahasha kubwa ya kaki wanayotilia picha za mifupa. Nikamwambia, "Asalaam aleikum." Hakuitikia. Nikadhani labda ni Mkristo, nikasema, "Habari za mchana?" Napo akanyamaza. Nikasema moyoni, ana mgonjwa wake, amechoka. Ungefikiria nini wewe?

Kisha akasema, hanitazami mimi, anatazama simu yangu, "Hizo zitupe."

Nilikuwa na saba ya kopa na mbili ya pau. Nikazitupa. Karata za mezani zilipofunuliwa, kweli, ningalishindwa vibaya. Nikacheka kidogo.

"Hapo unacheza na mashine," akasema. "Mashine haina haja na wewe. Jaribu hii."

Akatia mkono ndani ya bahasha, akatoa kitu cha kijivu, ukubwa wa kiganja, chenye kioo kidogo na vitufe. Nilivijua vitu vile. Zamani hotelini watoto wa wageni walikuwa wanavisahau chini ya mito, nasi tunavikuta ndani ya mashuka. Lakini hiki kilikuwa cha poka tupu, na cha kuchezwa na watu wawili. Unatazama karata zako, unabonyeza, zinajificha, unampa mwenzako. Naye anatazama zake, anabonyeza, anakurudishia. Nilipokipokea kilikuwa baridi, kama kimetoka kwenye jokofu, nami nikaona raha, kwa kuwa jua lilikuwa kali.

"Tunawekeana nini?" nikamwuliza kwa mzaha. "Mimi sichezi pesa."

"Hakuna pesa," akasema. "Cheza."

Tukacheza.

Sasa nisikilizeni vizuri. Nimecheza poka chumbani mle kwa dobi karibu miaka miwili, na sijawahi kupata karata kama nilizopata siku ile. Jozi ya wafalme. Ree tatu. Tano za kufuatana, zote za shupaza. Nikishinda, kile kioo kinatoa mlio mdogo mtamu, naye ananyoosha mkono kuchukua kimashine bila kununa. Mikono yake ndiyo ninayoikumbuka. Kucha safi. Vidole havikugusa vyangu hata mara moja, japo tulikuwa tunapokezana kitu kidogo namna ile. Uso wake siukumbuki kabisa. Nimejaribu. Nikifumba macho naona kola ya shati, na juu ya kola hapana kitu ninachoweza kukueleza.

Mambo mengine niliyaona lakini sikuyatia akilini, na hilo ndilo linaloniuma. Niliona kwamba hakuna mtu anayepita barazani. Hospitali ile haikosi watu, kuna wanaosukuma vitanda, kuna wafagiaji, kuna watoto wanaolia, lakini mbele yetu hakupita hata paka. Niliona kwamba kivuli cha nguzo ya baraza kilikuwa miguuni pangu nilipoanza, na kila nilipoinua jicho kilikuwa bado miguuni pangu. Msikiti uko nyuma ya ukuta, nimewaambia. Adhana ya alasiri sikuisikia. Mtu mwenye mama mgonjwa hangejiuliza? Mimi sikujiuliza. Nilikuwa nashinda.

Ndipo nikaitwa.

Niliitwa kwa jina langu la utotoni. Si lile la kitambulisho ambalo hotelini wananiitia. Ni jina alilonipa mama nilipokuwa mdogo, na hakuna mwingine aliyelitumia, hata Hamisi alikuwa haruhusiwi. Hapa sitaliandika, mtanisamehe. Sauti ilitoka wodini, wazi, yenye nguvu, sauti ya mama yangu ya miaka mingi nyuma alipokuwa akiniita kutoka shambani.

Sasa ninafika kwenye jambo ambalo sijamwambia mtu. Hamisi mwenyewe hajui. Nilisikia. Nilijua ni mama. Nilijua ameamka. Na mkononi mwangu nilikuwa na malkia wawili, na mezani walikuwa wamefunuliwa malkia wengine wawili. Malkia wote wanne. Miaka miwili sijawahi kuwapata wanne. Ilikuwa imebaki kubonyeza tu.

Nikabonyeza.

Nikaitwa mara ya pili, sauti imepungua kidogo. Yule mtu akaninyooshea kile kimashine, tayari karata nyingine zimegawanywa. "Cheza," akasema. Na mimi, mwana wa mama yule, nikakipokea. Nikatazama karata zangu. Hata sikumbuki zilikuwa karata gani.

Mara ya tatu sauti ilikuwa ndogo. Haikuwa tena ya shambani. Ilikuwa sauti ya mgonjwa, imekatika, haikumaliza jina. Hapo kitu kikanishtua kama mtu aliyemwagiwa maji, nikasimama, kile kidude kikaniponyoka. Sikusikia kikianguka. Nilipogeuka kushoto benchi lilikuwa tupu. Kivuli cha nguzo kilikuwa kimekwenda mbali kabisa, kimefika ukutani, na mwanga ulikuwa umekuwa mwekundu. Msikitini walikuwa wanaadhini maghrib.

Nikakimbia zile hatua kumi na mbili. Mlangoni nikagongana na Hamisi anatoka mbio, machozi yanamtiririka. Akanishika mabega yote mawili, akanitikisa.

"Umetoka wapi?" akapiga kelele. "Ulikuwa wapi wewe?"

"Nilikuwa hapa, kaka. Hapa kwenye benchi."

"Benchi lipi?"

"Hili hapa."

Akalitazama benchi, akanitazama mimi. Nilimwona akibadilika. Kaka yangu hajawahi kunipiga, lakini siku ile nadhani alikaribia. "Mimi nimefika hapa saa kumi na moja," akasema polepole. "Nimeketi hapo. Hapo hapo unapoonyesha. Nimekaa nusu saa nakupigia simu, nawauliza watu umekwenda wapi. Usiniambie ulikuwa hapo."

Nikatoa simu yangu mfukoni. Alikuwa amepiga mara kumi na moja. Haikulia hata mara moja.

Mama alikuwa amekwisha kukata roho nilipoingia. Mdomo wake ulikuwa bado wazi kidogo, kama mtu aliyekatizwa katikati ya neno. Nilimgusa shavu, lilikuwa na joto. Dakika moja tu. Mbili zikizidi. Kama ningesimama alipoita mara ya kwanza ningemkuta amekaa kitandani na macho yake yananitazama.

Kwa maana alikuwa amekaa. Hayo nilielezwa na mama mmoja wa makamo, Bi Nimwaka, aliyekuwa amelazwa kitanda cha pili akiwa amevunjika mguu. Alinishika mkono huku wenzetu wanamfunika mama.

"Mamako aliamka baada ya alasiri," akaniambia. "Akaketi mwenyewe, mtu aliyekuwa hawezi kugeuza shingo. Akauliza, 'Mwanangu yuwapi?' Sista akatoka kukuita, akarudi peke yake. Akatoka tena, akarudi. Mara tatu. Mamako akamwambia, 'Yupo hapo nje. Yuko na mtu, na huyo mtu hataki asikie.' Sista akadhani ni maradhi yanayosema, akamwambia alale. Akakataa kulala."

"Kisha?"

"Kisha akawa anavuta pumzi. Anavuta, anaikusanya, kama mtu anayetaka kujitwika gunia. Kakako alikuwa amekwisha kuingia, amemshika. Ndipo akaita." Bi Nimwaka akafuta macho kwa pembe ya leso. "Lile jina silijui. Lakini mwanangu, alivyoita vile, wodi nzima tulinyamaza. Hakubakisha kitu."

Nikamwendea Sista Mwende. Alikuwa anaandika. "Nilikuja, madam," akasema. "Haki ya Mungu nilikuja mara tatu. Nilisimama kwa hiyo benchi. Hakukuwa na mtu." Mlinzi wa lango naye alisema hajaniona nikitoka. Kwa hiyo sikutoka, na sikuwamo. Nieleze wewe uliyesoma, nilikuwa wapi?

Tulimzika asubuhi yake Mwabungo. Kwenye matanga nilikaa kona ya chumba, na nilikuwa nawasikia wanawake wakinong'ona kwamba nilikwenda kucheza kamari mjini, mama anakufa. Wengine walisema nilikuwa na mwanamume. Shangazi yangu mmoja alinipa mkono wa pole bila kunitazama. Nilijaribu kumweleza Hamisi yote, isipokuwa lile la kubonyeza. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Ungesema tu ulikwenda zako, ningekusamehe." Akaondoka.

Tangu hapo Hamisi hakula kwangu. Siku ya Idi alikuja, akasimama mlangoni, akawapa watoto wangu zawadi, akaenda. Nikimpelekea chakula kibandani kwake Ukunda anasema ameshiba. Hakunitukana, hakunifukuza. Alinijibu salamu kama anavyomjibu mteja. Jamani, afadhali angenipiga.

Poka niliifuta siku ileile ya mazishi. Siku hizi natumia simu ndogo ya kupiga na kupokea tu. Lakini hayo hayakusaidia kitu usiku. Nikilala vidole vyangu vinabonyeza vyenyewe kwenye mkeka. Mume wangu huvishika mpaka vitulie. Na jina langu lile, siku hizi hakuna wa kuniita. Wakati mwingine mashine za kukaushia zikinguruma kazini nadhani nimelisikia, natoka nje mbio na mashuka mikononi, wenzangu wanacheka. Nimeacha kuwaeleza.

Ulipita mwaka na miezi kadhaa. Mke wa Hamisi akashikwa na uchungu, akapelekwa hospitali ileile. Mimi sikuitwa, nilisikia kwa majirani. Nikakaa nyumbani, nikawaombea.

Kesho yake alfajiri nilisikia hodi. Hamisi. Amevaa nguo za jana, macho mekundu, ndala moja amevaa ya kwake na nyingine si ya kwake. Nilidhani mtoto amekufa.

"Mtoto mzima," akasema kabla sijauliza. "Wa kike. Mama yake pia mzima."

"Alhamdulillahi. Karibu ndani."

Nilisema karibu kwa mazoea tu, nikijua hataingia. Akaingia. Akaketi kwenye mkeka, mgongo ukutani, akatazama mikono yake muda mrefu. Mimi nikabaki nimesimama, naogopa hata kusogea.

"Dada," akasema. "Yule mtu wako."

"Ehe?"

"Nimemwona."

"Wapi?"

"Usiniulize wapi. Unajua wapi."

"Ulifanya nini, Hamisi?"

"Niliondoka. Sijui nilipita mlango gani." Akafumba macho. "Alinijua jina. Usiniulize mengine, dada. Nitilie chai."

Nikamtilia chai. Nikaimwaga nusu kwenye sahani. Nikampa na mkate uliobaki jana. Akala wote, polepole, na nje watu walikuwa wanatoka msikitini. Alipomaliza akaniomba nimwongeze.

Sasa ninakuomba wewe. Sisemi usicheze, mimi nani nikukataze? Cheza upendacho. Lakini ukiwa mahali ambapo mtu wako anaweza kukuhitaji, wodini, kwenye foleni, nyumbani na mzee anayeongea peke yake kwa sababu hakuna anayemsikiliza, kitie hicho kidude mfukoni. Na akija mtu akaketi kando yako, akakuambia cheza, usimtazame mikono. Inuka uende palipo na watu.

Na ukiitwa, simama. Usimalize kwanza. Simama mara ya kwanza.